Mita Nane na Nusu

Friza ya mama imejaa mchele. Ukiifungua pale barazani kwetu Mbagala hupigwi na baridi, unapigwa na harufu ya mchele wa Mbarali, ule unaonukia hata kabla haujaoshwa. Kompresa yake tulimuuzia fundi mwaka 2012. Kabla ya hapo friza ndiyo ilikuwa duka letu: asubuhi barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, mchana maji ya baridi ya kufungwa kwenye vifuko, jioni samaki. Ilivuka mgao wa umeme wa 2006 kwa taabu. Wa 2011 ikashindwa. Umeme ulikuwa unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena, na siku moja ukarudi friza isirudi nao.

Mchele anautuma babu, baba yake mama, ambaye amelima mpunga Usangu tangu kabla sijazaliwa. Na hapo ndipo penye mfupa ulionikwama kooni. Kwa miaka mingi, redioni na magazetini, taifa liliambiwa kwamba sababu kubwa ya giza la watu kama mama ni majaruba ya watu kama babu.

Nasoma uzamili wa historia. Nilipopeleka pendekezo la utafiti wangu, mwalimu mmoja alilipitia, akavua miwani, akaniuliza kwa upole mvua ina historia gani. Hiyo si kazi ya watu wa hali ya hewa? Siku ile sikuwa na jibu zuri. Najaribu tena hapa.

Kuna namba mbili ambazo kila aliyefuatilia taarifa ya habari nyakati za mgao anazikumbuka kama matokeo ya mechi: 698.5 na 690. Ya kwanza ni kina cha Bwawa la Mtera likiwa limejaa, kwa mita juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni kiwango cha chini kabisa ambacho mitambo yake inatakiwa kufua umeme. Kati ya namba hizo kuna mita nane na nusu, kimo cha nyumba ya ghorofa mbili pamoja na paa lake. Kwa muda mrefu wa maisha ya mama, nchi nzima iliwaka au kuzimika kufuatana na maji yalivyopanda na kushuka ndani ya ghorofa hizo mbili.

Umeme wa maji hauhitaji fizikia nyingi. Unauliza maswali mawili tu: maji ni kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Kidatu, mkoani Morogoro, ilikuwa na jibu zuri la swali la pili, kwa sababu pale Mto Ruaha Mkuu unateremka kwa kasi kutoka milimani kuelekea bonde la Kilombero. Mitambo ya kwanza iliwashwa 1975, mingine ikaongezwa 1980, jumla megawati 204. Kilichokosekana Kidatu ni pa kuwekea maji. Bwawa lake ni dogo, na Ruaha Mkuu ni mto wa msimu mmoja: mvua za huko juu zinaanza Novemba, zinakoma Aprili au Mei, halafu mto unaanza kunyamaza. Umeme nao hautaki kusikia habari ya msimu. Watu wanapiga pasi Septemba kama wanavyopiga Machi.

Ndiyo maana likajengwa Bwawa la Mtera, zaidi ya kilomita mia moja juu ya mto, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Sweden na Benki ya Dunia walisaidia fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mtera ilikuwa inafanya kazi iliyojengewa, ambayo haikuwa kufua umeme bali kuwa ghala. Inapokea maji ya masika, inayatunza, inayaachia kiangazi ili Kidatu ipate chakula. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, 1988. Tangu hapo kila ndoo ya maji ikawa inafanya kazi mara mbili, Mtera kwanza, Kidatu baadaye.

Ghala lenyewe lina tabia yake. Mtera ni bwawa pana lisilo na kina kirefu. Likijaa linatandaa zaidi ya kilomita za mraba 600, kwenye moja ya sehemu kavu kuliko zote za nchi. Jua la Dodoma linakusanya kodi yake hapo kila siku, haijalishi kama mvua ilinyesha au la. Na kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza zaidi nilipolisoma. Bonde la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya eneo lote la Bonde la Rufiji, lakini linachangia asilimia 15 hivi tu ya maji ya Rufiji. Kilombero peke yake inachangia takriban asilimia 62. Yaani kati ya misumari yote iliyokuwepo ukutani, nchi ilitundikwa kwenye mwembamba. Sababu zilikuwepo, za maporomoko, za barabara na za fedha, na sidhani ningekuwa mhandisi wa wakati ule ningeamua tofauti. Lakini uamuzi ulifanyika. Huo ndio mwanzo wa jibu langu kwa yule mwalimu.

Giza la kwanza kubwa lilikuja 1992, likarudi 1994. Wakati huo mitambo mipya ya Pangani ilikuwa bado haijawashwa, Kihansi ilikuwa bado ni maporomoko yenye vyura, na megawati 284 za Kidatu na Mtera ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gridi. Mama alikuwa kidato cha pili. Anasema anachokumbuka si giza, ni masizi: kila mtu bwenini aliamka na pua nyeusi kwa moshi wa kibatari.

Nimekaa siku nyingi maktabani na magazeti ya miaka ile, yale yaliyojalidiwa kwa mwaka na yanayokatika ukiyagusa vibaya. Kitu kimoja kilinivutia, na ni kitu cha sarufi. Karibu kila habari ya mgao ina mtenda mmoja: ukame. Ukame umepunguza maji, ukame umezima mitambo, ukame umeleta mgao. Katika sentensi hizo hakuna mtu anayefungua mlango wa bwawa. Hakuna mtu anayeamua Jumatatu kwamba leo tupitishe maji mengi kuliko jana. Mbingu inatenda, nchi inatendewa.

Mvua zilipungua kweli, sibishani na hilo. Lakini wanahaidrolojia waliorudi miaka ya baadaye kuzipitia hesabu za Mtera na Kidatu, wakaziendesha upya kwenye kompyuta, walikuta mambo ambayo ukame hauyaelezi. Maji yaliyoingia Mtera hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha kueleza kila kilichotokea. Walikuta kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna maji yaliyoachwa yamwagike bila ulazima. Walikuta pia kwamba uendeshaji haukutilia maanani ipasavyo maji yanayoingia mtoni katikati ya mabwawa hayo mawili, kutoka mito kama Lukosi na Yovi.

Hili la pili nilimweleza mama kwa mfano wa nyumbani, akalielewa kabla sijamaliza. Una simtanki juu na ndoo chini. Mvua ikinyesha, bati linajaza ndoo bure. Mwenye akili anafunga bomba la simtanki siku hiyo, anatumia ya ndoo, ya simtanki anayaweka kwa kesho. Asiyeangalia ndoo anafungua bomba vilevile, ndoo inafurika, na mwezi unaofuata anaangalia juu na kulaumu mawingu.

"Kwa hiyo tulimwaga wenyewe," mama akasema.

Sehemu yake, ndiyo. Giza la 1994 lilianza kuandaliwa wakati bwawa bado lina maji.

Wakati huohuo, juu zaidi ya mto, jambo jingine lilikuwa likitokea. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingine inashuka kutoka milima ya kusini na kuingia kwenye bonde tambarare la Usangu, kisha inajikusanya kwenye bwawa la asili la majani na matope linaloitwa Ihefu. Maji yanatoka Ihefu kwa mlango mmoja tu, kwenye mwamba wa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kuelekea Hifadhi ya Ruaha na hatimaye Mtera. Yakishuka chini yake, hata kama Ihefu bado ina maji, mto unakatika, kama chai kwenye birika lisiloinamishwa vya kutosha. Tangu 1993 mto ulianza kukatika namna hiyo kila kiangazi ndani ya hifadhi, kwa wiki kadhaa, baadaye kwa miezi. Viboko walibanana kwenye madimbwi. Picha zao zilikwenda mbali.

Sasa weka tarehe pamoja. Mto unakauka hifadhini kuanzia 1993. Taa zinazima Dar es Salaam 1994. Mtu yeyote angefunga fundo. Juu kuna wakulima wa mpunga na wafugaji wenye ng'ombe wengi, katikati mto umekauka, chini bwawa tupu. Fundo lilifungwa, likakazwa kwa miaka kumi na tano.

Tatizo ni kwamba Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Mto hata ulipokuwa haukatiki, maji yake ya Septemba na Oktoba yalikuwa kijito tu ukilinganisha na mafuriko ya Machi. Kilimo cha kiangazi kinaweza kuua viboko bila kuzima taa. Yalikuwa matatizo mawili, yakapewa kesi moja na washtakiwa walewale.

Nilimuuliza babu kuhusu haya likizo iliyopita. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta la mfereji, yeye ameegemea jembe, na utani wake ni uleule wa tangu nikiwa mdogo.

"Mke wangu," akaniambia, "umesoma mpaka umekuja kunihoji?"

"Nimekuja kukusikiliza, babu. Watu wa Dar wanasema mlikuwa mnakunywa umeme wetu."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema mashamba makubwa ya Usangu hawakuyaanzisha wao. Mbarali ililetwa na serikali miaka ya 1970, Kapunga ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Wao walikuja kama vibarua, wakajifunza, wakachimba mifereji yao pembeni. Waliambiwa walime, nchi ipate mchele. Serikali hiyohiyo ilikuwa imejenga bwawa chini. "Sasa mkono wa kulia haukumuuliza wa kushoto," akasema, "halafu likatafutwa jino."

Lakini sitaki kumfanya babu malaika. Nilimuuliza kama kweli mabanio yanaachwa wazi kiangazi, hata pasipo na mpunga shambani. Alinyamaza kidogo. Akasema ndiyo, yanaachwa. Maji yanapita kwenye mifereji kwenda majumbani, kwenye bustani, kwa mifugo, na mengine yanapotea tu porini. Ukifunga banio lako, jirani wa chini hatakushukuru, na mwakani huna uhakika wa kulifungua. Kwa hiyo viboko wana kesi yao naye. Friza ya mama, kwa sehemu kubwa, haina.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza, akiwa London, kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima. Halafu mvua za mwishoni mwa 2005 zikakosekana, 2006 ikaanza gizani, na subira ikaisha. Serikali ikaamua kuondoa mifugo Usangu. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji kwa maelfu waliondolewa na ng'ombe wao kupelekwa Lindi na Pwani, safari ambayo ng'ombe wengi hawakuimaliza. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu iliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Babu alibaki kwa sababu shamba lake liko upande wa pili wa mpaka. Rafiki yake mfugaji, waliyekuwa wakibadilishana mpunga kwa maziwa, hakubaki. Babu hajui alikoishia.

Ukitaka kujua kama dawa ilitibu, angalia 2011. Wafugaji walikuwa wameshaondoka miaka minne. Mgao ulikuja mkali kuliko wa 2006, saa kumi na mbili na zaidi kwa siku sehemu nyingi, na ndio uliotuua sisi.

Na mvua yenyewe? Wanaofuatilia hali ya hewa wanatufundisha kuangalia Bahari ya Hindi na Pasifiki. El Niño ya 1997 na 1998 ilimwaga mvua mpaka Mtera ikajaa. La Niña ya mwishoni mwa 2010 ilitangulia giza la 2011. Lakini kanuni hiyo inashika vizuri zaidi kaskazini na pwani, kwenye vuli na masika. Nyanda za kusini, ambako Ruaha na Kilombero wanapata maji, ziko mpakani: upande mmoja Afrika Mashariki ambayo kwa kawaida inalowa wakati wa El Niño, upande mwingine kusini mwa Afrika ambako kwa kawaida kunakauka. Mwaka mmoja unaangukia huku, mwingine kule. Babu anasema mvua haijaacha kuja, imeacha adabu: inachelewa, inakuja yote kwa pamoja, inaondoka bila kuaga. Mwendesha bwawa wa mahali kama hapo hawezi kusubiri utabiri umwambie. Anachoweza ni kuamua, kila mwaka wa neema, ni mita ngapi atazibakiza kwa ajili ya mwaka asioujua.

Kila giza liliacha kitu nyuma yake, na mara nyingi kilikuwa mkataba. Giza la 1994 lilizaa mkataba wa IPTL wa 1995, wa megawati 100 za mafuta kwa miaka 20. Mitambo ilianza kazi 2002, miaka kadhaa baada ya El Niño kulijaza bwawa. Giza la 2006 lilizaa Richmond, na Februari 2008 likamwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani. Mtu aliye gizani hasomi mkataba vizuri. Hili silisemi kama kejeli: mama naye, mwaka 2011, alikopa kwa riba ya kutisha kununua jenereta ndogo, na jenereta ikala faida yote kwa petroli kabla friza haijafa.

Gesi ya Songo Songo na baadaye ya Mtwara ilitupunguzia utumwa wa zile mita nane na nusu. Oktoba 2015 mabwawa yaliposhuka mpaka mitambo mingi ya maji ikasimamishwa, bomba la Mtwara ndilo kwanza lilikuwa limezinduliwa. Halafu tukarudi mtoni, safari hii kwa nguvu ambayo haijawahi kuonekana. Mitambo yote sita ya zamani niliyozoea kuihesabu kwenye daftari langu, Kidatu, Kihansi, Mtera, Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu, jumla yake ni megawati 561. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji ni megawati 2,115 peke yake. Lilianza kujazwa Desemba 22, 2022, wakati Dar es Salaam iko tena kwenye mgao. Mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024.

Mwezi uliofuata tulisikia habari ambayo mama aliniomba niisome mara mbili: mitambo mitano ya maji imezimwa kwa sababu umeme umezidi. Ilikuwa mvua ya El Niño, mabwawa yamejaa. Aprili, mvua hiyohiyo ilifunika Rufiji na Kibiti. Watu walipoteza mazao na nyumba. Wengi wao waliliangalia bwawa. Majibu rasmi yalikuwa kwamba bwawa lilipunguza makali, bila lenyewe ingekuwa mbaya zaidi. Inawezekana sana kwamba ni kweli. Nilichotambua mimi ni swali, kwa sababu ndilo lile la Mtera: ni lini mlango ulifunguliwa, kwa kiasi gani, na nani aliamua. Safari hii tatizo lilikuwa maji mengi, lakini sarufi ilikuwa ileile. Mvua zimeleta mafuriko.

Nalitakia bwawa jipya heri. Linategemea zaidi Kilombero na Luwegu, mito minene kuliko Ruaha Mkuu. Lakini nikizijumlisha megawati za daftari langu, Mtera, Kidatu, Kihansi na hili jipya, zote zinakunywa Bonde moja la Rufiji, na Kilombero nako watu wanalima mpunga. Wengine ni wafugaji waliotoka Usangu.

Desemba nilipanda basi la Iringa kwenda Dodoma ili nilione Mtera kwa macho. Barabara inapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa. Kondakta alitukumbusha kwamba kupiga picha hairuhusiwi, na ndani ya dakika moja tulikuwa tumeshavuka kitu nilichokisoma kwa miaka miwili. Nikashuka upande wa pili, nikarudi kwa bodaboda hadi Migoli, kwa wauza samaki.

Ziwani imesimama miti iliyokufa, ile iliyozamishwa bwawa lilipojengwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga perege kwenye tenga nilimwamkia, nikamwuliza wao wanajuaje maji yamepanda au yameshuka. Akanionyesha mti mmoja kwa kisu.

"Ule. Ukiona tawi la pili, Dar hamna umeme."

"Na leo, mzee?"

Akainua kichwa, akakunja macho kwa mwanga. "La kwanza," akasema. "Na si lote."

Nilinunua perege wanane wa mama. Kijana wake akawafunga kwenye mfuko, akamimina juu yao barafu kutoka kwenye boksi, akanishauri nisichelewe basi la jioni kwa sababu barafu yenyewe imetoka Iringa asubuhi na haitafika Dodoma.